Essex, Middlesex na Middlesex ya pili: kaunti ipi ya Marekani uanze nayo ukifuata njia ya merekani, sandarusi na pembe za ndovu?

Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki anayetaka kuijua kaunti ya Marekani kwa undani hana haja ya kufungua ramani na kuokota jina lolote. Katika karne ya 19, kabla Wajerumani na Waingereza hawajagawana nchi zetu, meli kutoka New England, kona ya kaskazini-mashariki ya Marekani, zilikuwa zikitia nanga Zanzibar mwaka baada ya mwaka. Zilishusha nguo za merekani, yaani kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, zikapakia pembe za ndovu na sandarusi, utomvu mgumu wa kutengenezea vanishi. Kule zilikotoka na kurudi kunajulikana: Kaunti ya Essex katika jimbo la Massachusetts, Kaunti ya Middlesex katika jimbo hilohilo, na Kaunti ya Middlesex nyingine katika jimbo la Connecticut.

Wanaoanza kuifuatilia historia hii hukwama hapo. Mwanafunzi ana insha moja tu ya kuandika. Mzazi anayeishi Boston ana Jumamosi moja ya kutoka na watoto. Mwalimu wa jiografia anatafuta mfano mmoja wa jinsi ardhi na maji vinavyouzaa mji. Kaunti tatu kwa mpigo ni mzigo mkubwa, na kila moja ina mvuto wake.

Kwanza jihadhari na majina. Ndani ya Middlesex ya Connecticut kuna mji unaoitwa Essex, na kijiji cha Ivoryton kimo ndani ya mji huo. Ukiandika "Essex" kwenye mtandao bila kutaja jimbo, utachanganyiwa habari za pembe za ndovu na za wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari wa Kaunti ya Essex ya Massachusetts, na insha yako itaharibika tangu ukurasa wa kwanza.

Vigezo

Nimezipima kwa mambo manne. La kwanza ni ardhi na maji: je, ukisimama pale unaona kwa macho kwa nini watu walifanya kazi waliyoifanya? La pili ni asili ya kaunti yenyewe na mipaka yake. La tatu, ambalo kwangu ndilo zito, ni alama ya pwani yetu: ni kitu gani kilichotoka kwetu au kuja kwetu, na kilipita mikononi mwa nani. La nne ni urahisi wa kufika, kuona na kupata maandishi.

Ardhi na maji

Essex ni nchi ya bahari. Nchi kavu yake ni kama kilomita za mraba 1,277. Rasi ya Cape Ann, iliyo mwamba mtupu wa matale, imechomoza baharini, na kaskazini yake kuna mabwawa mapana ya chumvi yaliyojificha nyuma ya kisiwa cha mchanga cha Plum Island. Barafu kuu ya zamani iliyoyeyuka iliacha udongo wa mawemawe usiomlipa mkulima jasho lake. Ndiyo maana Gloucester ikawa ya wavuvi na Salem ikawa ya mabaharia. Bandari ya Salem haina kina kirefu, na meli zilipozidi kuwa kubwa Boston iliifunika. Wafanyabiashara wa Salem walishika masoko ya mbali ambayo wakubwa wa Boston na New York hawakuyapa uzito, Zanzibar ikiwa mojawapo. Ukitembea juu ya gati la Derby Wharf, lililonyooka kuingia baharini karibu mita 800 na kuishia kwenye mnara mdogo wa taa, utakiona kina hicho kidogo mwenyewe maji yakipwa.

Middlesex ya Massachusetts ni kubwa zaidi, kama kilomita za mraba 2,119 za nchi kavu, na uhai wake uko kwenye mito: Charles, Concord na Merrimack. Merrimack ndio wa kuuangalia. Ukifika Lowell, kwenye maporomoko ya Pawtucket, unashuka kama mita 10. Urefu huo haumshangazi mtu aliyeona maporomoko ya Rufiji au ya Nile, lakini maji ni mengi na hayakauki. Wenye mitaji waliyachepusha kwenye mifereji yenye urefu wa jumla wa kama kilomita 9, kila kiwanda kikapata sehemu yake ya kuzungushia mitambo. Mto huohuo unaendelea kuingia Essex, unapita Lawrence na Haverhill, na kumwaga maji baharini Newburyport. Kaunti hizi mbili zimefungwa kwa mto mmoja, na ni vigumu kuieleza moja bila kuigusa nyingine.

Middlesex ya Connecticut ni ndogo, kama kilomita za mraba 956, na imekaa pande mbili za sehemu ya chini ya Mto Connecticut. Mto huu una urefu wa kama kilomita 660, lakini mlangoni pake hakuna jiji. Kuna fungu la mchanga linalozuia meli zenye kina kirefu, na hilo ndilo lililouacha mwambao wake bila bandari kubwa. Vijito vinavyoingia mtoni vilitosha kuendesha viwanda vya vijijini. Hizo ndizo hali zilizofaa kazi ya pembe za ndovu: mzigo mchache wenye thamani kubwa, mashine ndogo za kupasua kwa ustadi, na chombo cha kiasi cha kuleta mzigo hadi kwenye gati la kijiji.

Asili na mipaka

Essex na Middlesex ya Massachusetts ni pacha. Zilizaliwa siku moja, tarehe 10 Mei 1643, pale baraza kuu la koloni la Massachusetts Bay lilipoigawa koloni katika sehemu nne kwa ajili ya mahakama na wanamgambo. Majina yote yaliletwa kutoka Uingereza. Kaunti ya nne, Norfolk ya kale, ilikufa baada ya New Hampshire kutengwa, na miji yake iliyokuwa kaskazini mwa Merrimack ikatiwa Essex. Middlesex nayo ilikatwa upande wa magharibi mwaka 1731 ilipoundwa Worcester. Bila shaka watu wa asili walikuwa pale kabla ya haya yote: mahali palipojengwa Salem mwaka 1626 paliitwa Naumkeag, na maporomoko ya Pawtucket yalikuwa mahali pao pa kuvulia samaki.

Mpaka wa kaskazini wa kaunti hizi mbili unastahili kuangaliwa kwa utulivu. Hati ya kifalme ya mwaka 1629 iliipa koloni ardhi hadi maili tatu kaskazini ya Mto Merrimack. Ugomvi wa Massachusetts na New Hampshire juu ya maneno hayo ulidumu zaidi ya miaka 100, hadi mfalme alipoamua na mpaka kupimwa mwaka 1741. Matokeo yake yako kwenye ramani ya leo: mstari wa mpaka unapinda pale mto unapopinda, ukiufuata kwa umbali wa maili tatu, mpaka kaskazini ya maporomoko ya Pawtucket, kisha ghafla unanyooka kuelekea magharibi kama uliopigwa kwa rula. Yaani maporomoko yaleyale yaliyokuja kuendesha viwanda vya Lowell ndiyo yaliyoamua mahali mpaka unapoacha kuufuata mto. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi kwamba mpaka ni uamuzi wa watu juu ya umbo la nchi, hapa amepata somo zima.

Middlesex ya Connecticut ni mtoto wa uhuru. Iliundwa mwaka 1785 kwa kuchukua miji sita kutoka kaunti za Hartford na New London, makao yakiwa Middletown, mji wa mtoni uliokuwa umetajirika kwa biashara ya visiwa vya Karibi. Asili yake si ndefu kusimulia, na mipaka yake haina kisa kama cha Merrimack. Kinachovutia ni mji wa Saybrook mlangoni mwa mto, ulioanza mwaka 1635, miaka 150 kabla ya kaunti yenyewe.

Msomaji wa Kenya, aliyezoea kaunti yenye gavana na bunge lake, asitarajie hayo hapa. Connecticut ilifuta serikali za kaunti mwaka 1960, Middlesex ya Massachusetts ikafutiwa yake mwaka 1997, na Essex mwaka 1999. Majina yamebaki kwenye ramani, na Massachusetts ingali na mahakama na masherifu wa kaunti, lakini huduma nyingi ziko mikononi mwa mji au jimbo. Connecticut imekwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2022 takwimu za sensa hutolewa kwa mikoa tisa ya mipango badala ya kaunti nane za zamani. Anayelinganisha idadi ya watu ashike sensa ya mwaka 2020, ambayo bado ilihesabu kwa kaunti: Middlesex ya Massachusetts 1,632,002, Essex 809,829, Middlesex ya Connecticut 164,245.

Alama ya pwani yetu

Essex ina watu wenye majina, na hilo ndilo linaloipa uzito. Meli za Salem zilianza kufika Zanzibar katika miaka ya 1820. Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alitia saini mkataba na Seyyid Said mjini Muscat, uliowapa Wamarekani ushuru wa asilimia 5 tu kwa bidhaa walizoshusha. Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, akawa konsuli wa kwanza wa Marekani Zanzibar, huku akiendelea na biashara yake mwenyewe. Alishirikiana kwa karibu na mfanyabiashara Jairam Shivji, aliyekuwa amekodi haki ya kutoza ushuru wa forodha ya Zanzibar. Waters alikuwa mtu wa dini aliyechukizwa na utumwa aliouona, na alibaki akifanya biashara ndani ya mji ulioishi kwa utumwa. Ukizisoma karatasi zake, mgongano huo hautakuachia nafasi ya kumhukumu haraka wala ya kumsafisha.

Kilichofika Salem kwa wingi ni sandarusi. Ilichimbwa ardhini kwenye mwambao wa Mrima, ikasafirishwa ikiwa na ganda la mchanga, na Salem palikuwa na kiwanda cha kuiosha kabla ya kuuzwa kwa watengenezaji wa vanishi. Meza na magari ya farasi yaliyong'aa kwenye nyumba za Wamarekani yaling'arishwa kwa utomvu uliokuwa umelala chini ya udongo wa nyuma ya Bagamoyo. Kuanzia mwaka 1847 Salem ilikuwa pia na kiwanda chake cha nguo kilichoendeshwa kwa mvuke, Naumkeag, ambacho nguo zake ziliuzwa hadi Zanzibar.

Middlesex ya Massachusetts ndiyo kaunti ya viwanda vikubwa vya nguo. Kampuni ya kwanza kubwa ya Lowell ilianzishwa mwaka 1822, na mji ukapewa hadhi yake mwaka 1826 kwa kumegwa kutoka Chelmsford. Viwanda vya Massachusetts vilitoa merekani nzito, isiyopaushwa na yenye kudumu, na watu wa Unyamwezi waliikubali kuliko nguo nyingine. Ilipimwa kwa doti, ikalipiwa hongo (ushuru wa kupita njia) kwa watemi, ikanunuliwa chakula njiani na kulipia wapagazi. Msafara uliotoka Bagamoyo bila marobota ya merekani haukufika mbali.

Waliofuma walikuwa wasichana wa mashambani, waliolala kwenye mabweni ya kampuni na kuamshwa kwa kengele. Waligoma mwaka 1834 na tena 1836. Pamba yenyewe ililimwa na watumwa Weusi kusini mwa Marekani. Kwa hiyo nguo aliyovaa Mnyamwezi ilianzia kwenye shamba la mtumwa, na mara nyingi alipewa aliyebeba pembe iliyokuwa ikienda kuuzwa kwa Wamarekani walewale. Sijaona kitu kingine kinachounganisha mateso ya pande mbili za bahari waziwazi namna hii. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865 vilikata pamba, viwanda vikasimama, na Zanzibar nguo za Uingereza na India zikaziba pengo.

Lowell ina jambo moja ambalo kaunti nyingine mbili hazina kwa kiwango hicho: sisi wenyewe tupo. Wakenya wamejenga jamii kubwa pale, na Kiswahili si kitu cha kutafuta kwenye nyaraka tu. Kinasikika madukani na makanisani.

Middlesex ya Connecticut ni kaunti ya pembe. Vijiji viwili, Deep River na Ivoryton, vilichakata sehemu kubwa ya pembe za ndovu zilizoingia Marekani. Walianza na vitana mwishoni mwa karne ya 18, kisha katikati ya karne ya 19 piano ikawa pambo la sebule za watu wenye uwezo, na vitana vikaachia nafasi vibonyezo. Makampuni mawili yalitawala: Pratt, Read huko Deep River na Comstock, Cheney huko Ivoryton, yaliyoungana mwaka 1936. Mawakala wa biashara hiyo walikaa Zanzibar kununua pembe laini za Afrika Mashariki, zilizopendwa kwa kazi hii kwa sababu hukatika vizuri.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Pembe ilikatwa vipande vifupi, kila kipande kikapasuliwa kuwa vijibao vyembamba kama kucha. Kila kibonyezo cheupe kilifunikwa kwa vijibao viwili, kimoja kipana cha mbele mahali pa kidole na kingine chembamba cha nyuma, na fundi alivichagua ili mistari ya pembe ioane. Piano moja ina vibonyezo vyeupe 52. Kabla ya kubandikwa, vijibao vilipangwa kwenye vibanda virefu vya vioo vilivyoelekea jua, vikaachwa kwa wiki kadhaa hadi umanjano uishe. Picha za zamani zinaonyesha safu za vibanda hivyo kando ya viwanda, na kwa mbali vinafanana na vitalu vya maua.

Upande wetu, pembe hizo zilitoka Tabora, Ujiji na mbali zaidi, mabegani mwa wapagazi, wengine wakiwa wa kulipwa na wengine watumwa. Tembo walipungua karibu na pwani, wawindaji wakaingia ndani zaidi, na vijiji vikavurugwa. Ukisoma kuhusu Ivoryton bila kusoma habari za njia ya Tabora umesoma nusu, na nusu hiyo ni ile ya starehe.

Kufika, kuona na kusoma

Salem ndiyo rahisi kuliko zote. Treni kutoka kituo cha North Station, Boston, hukufikisha kwa muda mfupi, na nyumba ya forodha ya mwaka 1819, gati na jumba la makumbusho la Peabody Essex vyote viko umbali wa kutembea kwa miguu. Epuka Oktoba: mji hujaa watu wanaofuata kumbukumbu ya kesi za uchawi za mwaka 1692, na hutapata utulivu. Mtafiti ajue kwamba maktaba ya Phillips, inayohifadhi karatasi za wafanyabiashara wa Zanzibar, haiko Salem tena. Imehamia Rowley, ndani ya kaunti hiyohiyo. Panga miadi kabla.

Lowell nayo ina treni kutoka North Station. Hifadhi ya kihistoria ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1978 imeokoa mifereji na viwanda, na ndani ya kiwanda cha Boott kuna ukumbi ambamo mitambo ya kufuma huwashwa mbele ya wageni. Sakafu hutetemeka na hutamsikia aliye kando yako. Hakuna maelezo ya kitabuni yanayofikia dakika tano za humo.

Deep River na Ivoryton zinataka gari. Treni hukuacha Old Saybrook, na kutoka hapo usafiri wa umma ni wa kubahatisha. Vya kuona ni vichache na vimetawanyika: jengo la kiwanda cha Deep River limegeuzwa makazi, na ukumbi uliojengewa wafanyakazi wa Ivoryton mwaka 1911 leo ni ukumbi wa michezo ya kuigiza. Makumbusho ya vijiji hivi ni madogo, basi piga simu kwanza. Kwa upande mwingine, nyaraka za Pratt, Read ziko Washington, kwenye taasisi ya Smithsonian, na sehemu ya kazi inaweza kufanyika bila kufika Connecticut kabisa.

Uchague kwa hali yako

Kama unaandika insha ya historia ya Zanzibar na unataka watu, barua na mikataba, anza na Essex. Utapata majina pande zote mbili za bahari, na unaweza kuzioanisha karatasi za Salem na zile za kumbukumbu za Zanzibar.

Kama wewe ni mwalimu wa jiografia, au unasafiri na watoto wanaochoka kusoma vibao, Middlesex ya Massachusetts itakufaa. Mto, maporomoko, mfereji na mtambo viko pamoja, mtoto anaona maji yakigeuka kuwa nguo. Familia ya Kiswahili itapata pia pa kula na wa kuzungumza naye.

Kama unafuatilia tembo, utumwa wa misafara au historia ya ufundi, nenda Middlesex ya Connecticut, lakini usiende mikono mitupu. Soma kwanza habari za Tabora na Bagamoyo, kwa sababu kijiji chenyewe kimetulia mno na hakitakuambia kilichotokea upande wa pili.

Mwenye siku mbili Boston achukue Lowell siku ya kwanza na Salem ya pili, aone nguo ilikofumwa kabla ya kuona meli zilikotoka. Asijaribu kuzibana zote siku moja kwa treni: njia hizo mbili hazikutani mbele, kila moja inakurudisha North Station. Na aliye New York kwa gari, Ivoryton iko njiani kabla hajafika Massachusetts, basi kwake Connecticut ndiyo ya kwanza kwa jiografia yenyewe.